Wadogo wa ndoano, samaki wa kwenye matete mumuache

Siku ya posho (jumamosi) mangaribi nilikuwa Nguba, hapa Bukavu pembeni ya ziwa Kivu, nikakuta vijana watatu wamesimama juu ya jiwe wanaburuza ndoano tupu majini, bila chambo, wanataka kumnasa tilapia ubavuni sababu amekataa kula. Nilinyamaza dakika mbili nikashindwa. Wadogo zangu nawapenda, njo maana nawaandikia kwa ukali.

1. Lowesha fundo kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu inaungua na itakatikia hapo hapo.

2. Muache kushusha kamba mita mia eti wakubwa wako chini. Kivu ina kina cha mita 485 lakini oksijeni iko juu tu, mita 60 hivi, wakati wa mvua ata nusu ya hapo, kule chini ni gesi, samaki haishi. Tilapia mtafute pembeni, kwenye matete na mawe. Mto Kawa ukianza kumwaga matope ziwani, hama fasi.

3. Chambo ni bugali iliyokandwa ngumu ao nyungunyungu. Tilapia anaonja kwanza, chelezo kinatikisika kidogo, usivute, ngoja kizame. Na kungoja huko njo kulinishinda mimi.

Nilikuwa na miaka 17. Nikamuona chini ya matete, maji ya magoti, samaki wa kiganja na nusu, ametulia fasi moja, koo limevimba, kinywa kinacheza-cheza kama anatafuna. Nikamwekea nyungunyungu mbele ya pua, hakugeuka. Nikabadilisha bugali, wapi. Wenzangu walikuwa wananiangalia, basi nikatoa chambo, nikapitisha ndoano chini ya tumbo, nikavuta kwa nguvu. Ilimuingia nyuma ya pezi. Nikamtia kwenye beseni ya maji nikiwa nachekelea, akafungua kinywa, wakatoka watoto. Wengi, kila mmoja kama punje ya mchele, macho meusi tu yanaonekana. Tilapia jike analea kinywani bana, mayai na watoto, na siku hizo karibu hali kitu, mi sikujua. Mama amelala ubavu, damu inatoka, na wale watoto wanazunguka kichwa chake wanatafuta kurudi ndani, kwao hatari ikija kimbilio ni kinywa cha mama. Wengine wakaingia. Akafa nao wakiwa ndani. Nilimwaga beseni kwenye matete, visamaki vya pembeni vikaja mbio kuwala, nikasimama pale naangalia. Nyumbani mama alimkaanga, mi sikugusa.

Kwa hiyo ukiona samaki amevimba koo na hataki kula, songea mbali, ata kivuli chako kisimfikie.

4. Ukitaka kumrudisha samaki, lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ute unaomkinga na magonjwa.

5. Vipande vya nailoni rudi navyo mfukoni. Maji ya ziwa letu yanatokea kwa mto Ruzizi, na plastiki tunazotupa huku njo zile zinakwamisha mashine za barrage ya umeme halafu tunalala giza.

6. Upepo wa ziwa ukianza, piroge ipandishwe, ata kama samaki wanakula.

Nyinyi watatu wa kwenye jiwe, siku ya posho niko Nguba kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Bugali nitakuja nayo ya kutosha wote, mulete ndoano ndogo.