FreeType au HarfBuzz, kipi kitangulie?

Mkuu, umeuliza kipi ujenge kwanza kutoka kwenye msimbo chanzo: FreeType (maktaba ya kuchora herufi za fonti) au HarfBuzz (maktaba ya kupanga maumbo ya herufi). Kwa hizo mashine za maabara hapo Moshi, anza na FreeType huku HarfBuzz ikiwa imezimwa, ukitumia Meson na ninja, zana za kujenga programu. Ni kweli kila moja inaitaka mwenzake, lakini ni kwa hiari, kwa hiyo duara linakatika:

meson setup jenga1 --prefix=/usr --buildtype=release -Dharfbuzz=disabled
ninja -C jenga1 install

Ingia HarfBuzz, weka -Dfreetype=enabled na -Dcairo=disabled. Cairo (maktaba ya michoro) hapo ni ya vitu kama hb-view, kiprogramu cha kuonyesha maandishi, tu, nayo inakurudisha kwenye duara jingine. Halafu FreeType tena, folda mpya jenga2, safari hii -Dharfbuzz=enabled. HarfBuzz huirudii.

Panapowatoa watu jasho ni kuacha chaguo kwenye auto, yaani Meson iamue yenyewe. Meson isipoiona HarfBuzz inanyamaza, ujenzi unapita, unadhani umemaliza. Hakikisha kwa ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazitegemea:

ldd jenga2/libfreetype.so | grep harfbuzz

Isipotoa mstari, haikuunganishwa. Ongeza pia --wrap-mode=nofallback kila hatua, la sivyo Meson inaweza kushusha nakala yake yenyewe na kukumalizia bando.

Ukiruka raundi ya pili? Maandishi ya Kiswahili yataonekana vizuri tu. Unachokosa ni unyooshaji bora (hinting, kurekebisha umbo la herufi likae vizuri kwenye pikseli) wa herufi mbadala za fonti za OpenType. Na kuanzia FreeType 2.14, HarfBuzz inaweza kupakiwa programu ikiwa inaendeshwa (-Dharfbuzz=dynamic), hivyo raundi ya pili haihitajiki.