Maswali ya Wasomaji: Babu Aliyekufa Kijana Bagamoyo

SWALI: Babu mzaa babu yangu aliitwa Petro. Tumesimuliwa kwamba alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na mapadre Bagamoyo, akaoa, akafa mwanawe hajaanza kutembea. Mwana huyo alizaliwa 1886 hivi, akakulia Mhonda. Nimtafute vipi, na kabila lake nitalijuaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, aliyekufa kijana huacha maandishi machache mno. Usianze na Petro. Anza na aliowaacha, yaani mwana na mjane.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo 1868 na ya Mhonda 1877, na vijana waliooana Bagamoyo walipelekwa bara kuanzisha vijiji vya Wakristo. Hivyo mtoto huenda alibatizwa Mhonda, ilhali baba yake alibatizwa Bagamoyo. Wengi hupekua parokia moja, wakikosa wanaacha.

Mwandikie paroko mapema, uombe daftari la ubatizo la 1884 hadi 1888. Unachokitaka humo hasa ni jina la mama. Ukishalipata, fungua daftari la ndoa: ndoa yake na Petro, ukirudi nyuma hadi 1878, kisha ndoa yake ya pili, kama aliolewa tena. Mjane huandikwa "vidua", mara nyingi pamoja na jina la marehemu mumewe. Hapo utajua Petro alikuwa amekwisha kufa tarehe hiyo, hata kama kifo chenyewe hakikuandikwa. Jina la mke ndilo pia litakalomtofautisha na akina Petro wengine, nao ni wengi.

Tarajia Kilatini, pengine Kifaransa. Usitafute "Petro" tu: ataandikwa Petrus, Petrum au Petri, kufuatana na sentensi. "Annorum circiter 12" ni miaka kama 12, umri wa kukadiria kwa macho, basi jipe nafasi ya miaka mitatu kila upande. "In articulo mortis" ni ubatizo wa mtu aliye mahututi. Mara moja angalia daftari la vifo la siku zinazofuata. "Patrinus" ni msimamizi wa ubatizo, si baba. Kosa hili limewapa watu ukoo usio wao.

Kuhusu kabila, nenda taratibu. "Mnyasa" liliwajumlisha watu wengi wa upande wa Ziwa Nyasa: Mchewa, Mmang'anja, hata Mtumbuka. Na ukikuta Mabruki, Feruzi au Baraka kando ya jina la ubatizo, usilifanye la ukoo. Hayo ni majina waliyopewa watumwa pwani.

Nakili maneno kama yalivyo kabla ya kuyatafsiri. Ukiruhusiwa kupiga picha, piga ukurasa mzima pamoja na pambizo. Kisha waulize wazee wa kike wa Mhonda juu ya watoto wa mume wa pili wa yule mjane. Wajukuu wao wanaweza kuwa na habari za Petro ambazo kwenu zimepotea.