Kipandauso na kilo zinazoongezeka: majibu kwa wasomaji

Shikamoo daktari. Nina miezi mitano natumia amitriptilini kwa ajili ya kipandauso. Kichwa kimepoa, lakini sketi hazifungi tena. Ni dawa au ni ulaji wangu? (Mama, Morogoro)

Marahaba mama. Dawa inahusika, na usijilaumu. Amitriptilini huamsha hamu ya kula, hasa vitu vitamu. Nimewasikia wagonjwa wengi wakisema wanafungua kabati usiku kutafuta chochote. Valproeti na flunarizini, dawa nyingine za kuzuia kipandauso, nazo hunenepesha. Topiramati, ya kazi hiyohiyo, hupunguza uzito, ila huchomachoma vidole kama ganzi na, sawa na valproeti, inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo kama unatarajia kushika mimba, sema mapema.

Tafadhali usiache vidonge ghafla. Mrudie aliyekuandikia ukiwa na kidaftari: uzito wa kabla ya dawa, uzito wa leo, na siku ulizoumwa kila mwezi. Ukimwekea hayo mezani, ni rahisi kwake kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Unene wenyewe unaleta kipandauso?

Wembamba pia wanacho, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Ila kwa mwenye nacho, unene mkubwa huongeza uwezekano wa kufikia siku 15 au zaidi za kuumwa kichwa kwa mwezi.

Nimeamua kukaa bila kula mpaka saa kumi jioni ili nipungue. Sasa kichwa kinapasuka na nakunywa Panadol karibu kila siku. Nifanyeje? (Kijana, Mombasa)

Acha mtindo huo, mdogo wangu. Njaa ni kichocheo kikubwa cha kipandauso. Kula saa zilezile kila siku, hata kama ni kidogo: uji asubuhi, mchana ugali mdogo na mboga nyingi, maji badala ya soda. Tembea nusu saa. Kilo zitashuka polepole, na kichwa hakitakuadhibu.

Hiyo Panadol inanitia wasiwasi zaidi. Parasetamoli, ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, ikinywewa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu, yenyewe huanza kuleta maumivu. Vidonge vilivyochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 zinatosha kukufikisha huko. Weka alama kwenye kalenda kila unapokunywa.

Dada yangu ana miaka 28 na amenenepa haraka. Kichwa kinamuuma kila siku, akiinama anaona ukungu, na sikioni anasikia mvumo unaokwenda na mapigo ya moyo. Tumeambiwa ni kipandauso.

Huenda sicho. Wanawake vijana walionenepa wanaweza kupata shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, likabana mshipa wa fahamu wa jicho hadi wakapoteza uwezo wa kuona. Asingoje wiki ijayo. Mpeleke leo hospitali yenye daktari wa macho, achunguzwe nyuma ya jicho. Na umsindikize, maana akishatiwa matone ya kupanua mboni hataona vizuri njia ya kurudi.