Wasomaji Wanauliza: Moyo Unapofuata Pumzi

SWALI: Habari za kazi. Nimenunua mkanda wa kifuani unaosoma mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye simu. Jioni nikikaa kimya barazani, mchoro haunyooki: mapigo yanapanda hadi 78, yanashuka hadi 64, tena na tena. Je, moyo wangu ni mgonjwa?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Kama kupanda na kushuka huko kunafuata pumzi yako, usihofu. Neva ya vagasi hufanya kazi kama breki ya moyo. Ukivuta pumzi breki inalegea, mapigo yanaongezeka. Ukitoa pumzi inakaza, yanapungua. Mjerumani Carl Ludwig alilirekodi jambo hili mwaka 1847. Kwa vijana huonekana wazi zaidi, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Jihakikishie hivi: tazama mchoro kwa dakika moja huku ukihesabu pumzi. Kila wimbi la mapigo lilingane na pumzi moja.

Hapo ndipo bayofidibaki inapoanzia. Chombo kinakuonyesha kinachotendeka mwilini papo hapo. Wewe unabadilisha kile unachokimudu, yaani pumzi, kisha unaangalia moyo umejibu nini.

Tafuta sasa mwendo wa pumzi unaokufaa. Utaratibu ulioenezwa na watafiti Paul Lehrer na Evgeny Vaschillo hujaribu pumzi 6.5, 6, 5.5, 5 na 4.5 kwa dakika, kila mwendo kwa dakika 2 hivi, na mapumziko mafupi katikati. Kwa pumzi 6, mzunguko mmoja ni sekunde 10: vuta kwa 4, toa kwa 6. Chagua mwendo ambao tofauti kati ya kilele na bonde ni kubwa kuliko kwingine na wimbi ni laini, bila meno. Sababu yake ni hii: mfumo unaosawazisha shinikizo la damu huchelewa takriban sekunde 5 kujibu, hivyo mzunguko wa karibu sekunde 10 huusukuma kwa wakati wake. Wengi huangukia karibu na 6, lakini usikariri namba ya jirani yako.

Mchoro ukiruka ghafla hadi 180 na kurudi, mara nyingi mkanda umekauka. Lowesha kwa maji sehemu mbili zinazogusa ngozi, kaza kidogo, uanze upya. Usiipuuze hitilafu hiyo, maana pigo moja la uongo linatosha kuharibu hesabu nzima ya tofauti za muda kati ya pigo na pigo. Lakini ukiwa umetulia, mkanda umelowa vizuri, na mapigo bado yanaruka bila kufuata pumzi, au ukisikia kizunguzungu cha kuzimia au maumivu ya kifua, nenda Bugando au hospitali yoyote yenye kipimo cha umeme wa moyo (ECG). Mkanda hauchukui nafasi ya kipimo hicho.

SWALI: Natumia kamera ya simu badala ya mkanda. Mbona kila nikipima napata jibu tofauti?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Huenda unabonyeza mno. Kamera husoma jinsi mwanga wa tochi unavyobadilika damu inapopita kidoleni. Ukikandamiza, damu inakimbia. Gusa kwa wepesi, ufunike lenzi na tochi pamoja, uegemeze mkono mezani. Kidole kikiwa baridi, kisugue kwanza. Kwa wastani wa mapigo njia hii inafaa. Kwa tofauti kati ya pigo na pigo, tunapendelea mkanda.

SWALI: Nikipumua mara 6 kwa dakika, kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinaniwasha kama ganzi. Niendelee?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Acha zoezi kwanza, upumue kawaida hadi hali hiyo ipite. Umepunguza mwendo lakini umeongeza ujazo: unavuta hewa nyingi kila mara, kabonidayoksaidi katika damu inashuka, na mishipa ya ubongo inasinyaa. Polepole si lazima iwe kwa kina. Pumua kwa pua, tumbo lisogee kidogo tu, mabega yatulie. Anza na pumzi 8 kwa dakika kwa dakika 5, ushuke taratibu siku zinavyokwenda. Hali ikijirudia hata ukipumua kidogo, muone daktari.

SWALI: Ninaposali rozari mawimbi yanakuwa makubwa kuliko ninapokaa kimya kutafakari. Ina maana kimya changu hakina kitu?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hapana, mama. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa kusali Ave Maria kwa Kilatini, na vilevile kukariri mantra, yaani maneno mafupi ya kurudiarudia, kulishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika. Salamu Maria ya Kiswahili ina urefu wake, kwa hiyo pima mwenyewe. Katika kimya pumzi yako huenda inarudi 12 au 15, na wimbi linapungua hata kama moyo una amani. Mchoro unasoma mwendo wa pumzi, mawazo hausomi. Ukianza kufukuza wimbi kubwa wakati wa kutafakari, utakuwa unatafakari simu. Washa kurekodi, geuza kioo cha simu chini, ukae dakika 15, na mchoro uutazame baadaye.