Mzigo Umeisha Sabasaba, Mfukoni Elfu Thelathini na Nane

Juzi binti mmoja wa Morogoro kaniandikia: "Dada, nina laki tano tu. Nilipie banda Sabasaba mwakani au ninunue mashine ya kusagia karanga?" Nilitaka nimjibu mistari miwili, nikajikuta najaza ukurasa. Basi mdogo wangu, na ninyi wote wenye biashara changa mnaoniuliza hilihili kila mwaka, kaeni niwasimulie.

Mara yangu ya kwanza kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Dar, ilikuwa 2022. Makopo 400 ya siagi ya karanga, nimeyapakia kwenye kirikuu kutoka Mbagala kabla hakujapambazuka. Banda tulichangia watano, mimi nikapata kona ya meza, nyuma yangu kuna jamaa wa majiko na spika yake isiyonyamaza. Nilionjesha mpaka mkono ukafa ganzi. Tarehe 10 Julai kopo la mwisho likaondoka. Nikapiga picha meza tupu, nikaiweka WhatsApp: "Mzigo umeisha!" Pongezi zikamiminika.

Usiku nikapiga hesabu. Nafasi, usafiri, chakula, posho ya binti aliyenisaidia, na kopo la 5,000 nililokuwa naliachia kwa 3,500 ili nisirudi na mzigo. Nilibaki na shilingi 38,000. Siku kumi na tatu za kusimama!

Hata hivyo si hela iliyoniuma. Kilichoniuma ni mzee mmoja wa kofia.

Alikuja Jumanne asubuhi, tarehe 5, watu bado wachache. Akalishika kopo, akaligeuza, akasoma lebo yote, akajaribu kifuniko kwa ukucha. "Nikichukua mia mbili kila mwezi, unanipa bei gani?" Nikacheka. Kile kicheko cha aibu. Nikasema, "Tutaelewana tu, baba." Akauliza karanga zangu nimezipima wapi sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Nikababaika. Akauliza alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, nikamjibu iko kwenye mchakato, na huo mchakato haukuwa na hata barua. Akaniandikia namba kwenye kikaratasi, akaenda zake. Jioni nikakitafuta, nikakuta tumefutia mafuta mezani. Tarakimu nne za mwisho hazisomeki.

Miezi michache baadaye naingia duka moja kubwa mjini, nakuta kwenye rafu siagi ya mwenzangu wa banda la tatu kutoka letu. Ina chumvi nyingi, nasema mpaka leo. Lakini iko rafuni.

2023 sikulipia banda, nililipa kiingilio tu. Nilizunguka siku tatu na daftari, na hiyo ndiyo shule ambayo sikuwa nimeisoma. Tarehe 7 yenyewe, sikukuu, watu wamekuja na watoto, wanatafuta aiskrimu na mabeseni. Hapo unauza mojamoja, mazungumzo hakuna. Wanunuzi wa maduka na mahoteli niliwaona asubuhi za siku za kazi, saa ambazo sisi wenye mabanda tunakunywa chai na kuchati.

Nikarudi 2024 na makopo 120 tu. SIDO, shirika la viwanda vidogo, walinipa barua ya utambulisho, nikaenda nayo TBS, alama nikaipata. Bei ya jumla nimeichapa: kuanzia 50, kuanzia 100, kuanzia 200. Nikaandika namba za watu 63, na mbele ya kila jina alichosema mwenyewe, "ana watoto wa chekechea, anataka isiyo na sukari." Maonyesho yakafungwa tarehe 13, nikalala siku moja, tarehe 15 nikaanza kupiga simu. Wengi hawakupokea. Wengine, "nitakucheki". Watatu wakaagiza, na hao watatu wananichukulia makopo 180 kwa mwezi hadi leo. Nafanya maringo kidogo, mniruhusu.

Sasa ninyi vijana. Mnapenda picha na viongozi waliopita bandani! Mnaenda makongamano ya hotelini, mnarudi na mfuko wa vipeperushi na beji shingoni, kesho yake hamjampigia mtu. Andikeni namba. Pigeni simu. Mtu akikuuliza bei ya mia mbili, usimwambie mtaelewana. Andikeni namba, nasema tena, na msiandike kwenye vikaratasi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro: nunua mashine. Sabasaba ijayo njoo na kiingilio na daftari, kaa kwangu, ukumbini kuna godoro.

Na kama yule mzee wa kofia anasoma hapa: baba, bei ya mia mbili ni 4,200, na majibu ya maabara yapo.