Earthsea: ulimwengu mzito, wanawake wamesahaulika mwanzoni

Umeuliza kama vitabu vya Earthsea, riwaya za Ursula K. Le Guin kuhusu ulimwengu wa visiwa na wachawi, vinafaa. Vinafaa sana, hasa kwa sisi wa Mwanza na Ukerewe tuliokulia kwenye habari za visiwa na upepo. Uchawi wa kule una gharama: ukiita mvua kisiwa kimoja, kingine kinaweza kukauka. Hapo ndipo ulimwengu wake unaponikamata, maana hakuna nguvu ya bure. Ged naye, mhusika mkuu, mchunga mbuzi mwenye ngozi ya kahawia anayekuwa mchawi, anawindwa na kivuli alichokifungulia kwa kiburi chake.

Tatizo ni wanawake. Kitabu cha kwanza, 1968, karibu hawamo, na shule ya wachawi ya Roke haiwapokei. Vumilia umfikie Tenar, kuhani msichana, kitabu cha pili. Kwangu anampita Ged.