Wagombea wa kidato cha tatu, hebu tuongee kidogo

Juzi nimepita shuleni kwetu huku Temeke kumpelekea mdogo wangu hela ya tuisheni, nikakuta darasa la Uraia wapo kwenye kampeni za urais wa kuigiza, nikasimama dirishani. Jamani! Spika imefunguliwa mpaka mwisho, mgombea anarushwa juu kama bwana harusi, ukimuuliza ilani anakwambia "tutaleta waifai". Yaani mnarudia yaleyale yetu, na hiyo kaunda suti nadhani ndo ileile tuliyoazima sisi.

1. Fomu ya uteuzi isomeni yote. Hapa ndo nilipoumbuka. Nilikuwa meneja wa kampeni, mgombea wetu dada mmoja anaongea mpaka mwalimu anaweka chaki chini, halafu mgombea mwenza nikampachika mshkaji wangu wa dawati moja, kisa timu nzima ya mpira inamkubali. Kwenye fomu kila mtu anajaza anatokea upande gani wa Muungano, nikawaandika wote wawili Bara, bila hata kuwaza. Wakati ibara ya 47 tulishafundishwa, rais akitoka upande huu makamu anatoka ule, na kwenye testi nilipata! Kule nyuma alikuwepo kijana wa Pemba, mpole, hatukuwahi hata kumsalimia vizuri, wapinzani wetu wakamfuata mapumziko na sahani ya mihogo, wakamalizana naye. Siku ya kurudisha fomu mwalimu, ambaye ndo Tume, akaipitia ya kwetu mara moja, kalamu nyekundu, "hamna sifa", akaisukumia chini ya rejista. Na mabango tulishachora, manila zote hela ya michango, rangi bado ipo kwenye kucha. Yule dada hakunigombeza, aliuliza tu, "We si ulisema umeisoma?" Nikajibu niliisoma. Muongo mkubwa mimi, nilisoma pale pa kubandika picha tu. Mpaka leo tukikutana Mbagala ananiita Arobaini na Saba.

2. Umri wa miaka 40 mwalimu atawasamehe, chama hatawasamehe. Urais wetu hauna mgombea binafsi, sasa wewe "mgombea wa wote" umedhaminiwa na nani? Na acheni kupiga hesabu za duru ya pili, mwenye kura nyingi ndo rais, imeisha.

3. Shangwe sio kura. Waulizeni wazee wa Dar habari za 1995, Mrema, mgombea wa upinzani, gari lake lilikuwa linasukumwa na watu barabarani, matokeo yakaja Mkapa asilimia 61.8, yeye 27.8. Wanaowapigia vigelegele ni walewale wa dawati la mbele, walishawakubali tangu jana. Wafuateni wale wanaonakili noti kimya kimya, hao hawashangilii mtu na ndo wengi.

4. Karatasi za kura ziwe tayari siku moja kabla. Mwaka huohuo uchaguzi wa Dar ulifutwa ukarudiwa Novemba maana vifaa vilichelewa vituoni, nyie mnategemea steshenari ya jirani yenye mashine moja na umeme wa kubahatisha.

5. Wakala akae mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe, asaini, ndo aondoke. Wa darasa B enzi zetu alitoka kununua ubuyu, karudi anakuta matokeo yapo ubaoni, akaanza kulia kaibiwa. Mwalimu akamuuliza una ushahidi gani, akaonesha mkono, mwekunduuu.